Joto la dunia na mkazi wa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila joto la Januari linapokolea, au masika yanapofunga barabara pale Jangwani. Majibu yamelengwa kwa mtu wa Dar: anayepika kila siku, anayepanda daladala, anayejenga pole pole kiwanja chake cha Chanika au Goba. Ushauri mwingi kuhusu jambo hili umetungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Ukiuchukua ulivyo, utajikuta unaambiwa upunguze safari za ndege ilhali hujapanda hata moja.

Dunia inapataje joto, kwa lugha ya kawaida?

Jua linapiga, ardhi na bahari vinapata joto, kisha vinalirudisha joto hilo kuelekea angani. Njiani zipo gesi zinazolizuia lisitoke lote: mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na nyingine chache. Hizo ndizo gesijoto. Zisingekuwepo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo kuwepo kwake ni heri. Tatizo ni kuzidi.

Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280. Sasa imepita 420. Ziada hiyo imetokana zaidi na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, kisha kufyeka misitu. Habari hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani: John Tyndall alipima maabara jinsi gesi hizi zinavyonasa joto mwaka 1859, na Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu mwaka 1896 ya kiasi gani dunia itapanda joto hewa ukaa ikiongezeka. Yaani kabla ya reli ya kati kufika Kigoma, jambo hili lilishaandikwa.

Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliuweka nyuzi 1.55 hivi juu ya wastani wa miaka 1850 hadi 1900.

Si ni tabaka la ozoni lililotoboka?

Hapana, ingawa wengi tulifundishwa hivyo. Ozoni huchuja miale mikali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Iliharibiwa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuzipiga marufuku, na tabaka lenyewe linapona taratibu. Joto la dunia ni kesi nyingine. Mahali zinapokutana ni kwenye kiyoyozi chako, na hilo linakuja chini.

Joto la Dar si jua la utosi tu?

Jua la utosi lipo kweli. Kwa Dar, jua linapita moja kwa moja juu ya vichwa vyetu mapema Machi likienda kaskazini, na karibu na tarehe 10 Oktoba likirudi kusini. Kati ya Oktoba na Machi tunafuka jasho, na unyevu wa bahari unafanya nyuzi 32 ziumize kuliko nyuzi hizo hizo zikiwa Dodoma. Hilo limekuwepo tangu enzi za mababu.

Kinachobadilika ni kiwango cha kuanzia. Jua la utosi linakuja juu ya bahari na hewa ambazo tayari zina joto kuliko miaka ya nyuma, na usiku haupoi kama zamani. Jiji nalo linaongeza lake: saruji, lami na bati vinahifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Ndiyo maana Kariakoo saa tatu usiku bado ni moto wakati Pugu kumeshapoa. (Na ule ujumbe wa WhatsApp unaosema msitoke nje siku tano kwa sababu jua linasogea karibu na dunia, ufute tu.)

Mafuriko ya Jangwani yanasababishwa na mabadiliko ya tabianchi?

Kwa sehemu. Anayekujibu "ndiyo" tupu anamsaidia aliyeziba mtaro, na anayesema "hapana" tupu hajafuatilia mvua.

Kwanza mvua yenyewe. Kila joto la hewa linapopanda nyuzi moja, hewa hiyo inaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa kama asilimia 7. Mvua ikija, inashusha kingi kwa muda mfupi. Juu ya hapo kuna mizunguko ya asili: El Niño, na hali ya Bahari ya Hindi kuwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia. Yote mawili yalikutana mwishoni mwa 2023, na wenye umri wanakumbuka ya 1997 na 1998. Mizunguko hiyo haikuletwa na binadamu, lakini sasa inatokea juu ya bahari yenye joto zaidi.

Pili ni jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam. Vilima vya Pugu na Kisarawe unakoanzia Mto Msimbazi vimepungua miti, mabonde ya kupumulia maji yamejengwa, ardhi imefunikwa saruji, na mitaro imejaa taka na mchanga. Maji yaliyokuwa yakichukua muda kufika Jangwani sasa yanafika haraka na yote kwa pamoja. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wapo waliorudi, kwa sababu kazi na shule vilibaki mjini. Tukajenga hata karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale bondeni, nayo ikawa inaogelea. Hilo halikuletwa na tabianchi, lilikuwa uamuzi.

Bahari itaimeza Posta?

Kwa maisha ya anayesoma hapa, Posta ipo. Tangu mwanzo wa karne ya 20, kina cha bahari duniani kimepanda wastani wa kama sentimita 20, na kasi inaongezeka. Sababu ni barafu inayoyeyuka na maji yenyewe kutanuka yakipata joto.

Madhara yanaonekana kwingine kabla ya Posta: fukwe za Kunduchi zimeliwa na mawimbi kwa miongo kadhaa, ukuta umelazimika kujengwa kando ya Barabara ya Barack Obama, na visima vya karibu na pwani vinaonja chumvi. Tena, lawama haiendi baharini pekee. Mchanga wa fukwe huletwa na mito. Tukiuchota mchanga huo mtoni kwa ajili ya matofali, ufukwe unakosa cha kujazia pale wimbi linapochukua. Na visima vinaingiwa na chumvi pia kwa sababu tunavuta maji mengi kuliko yanavyojazwa.

Na barafu ya Kilimanjaro?

Imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipozidi ukavu, kabla ya joto la sasa kukolea. Usiitumie kama ushahidi wako pekee kwenye mabishano ya kijiweni, utakwama.

Waliochafua ni wenzetu. Mimi nihangaike ya nini?

Hoja ni ya haki. Mtanzania wa kawaida, kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, anatoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani anatoa zaidi ya tani 13. Ukizima taa zako zote leo, dunia haitashtuka, na mtu akikuambia wewe binafsi unaweza kuokoa sayari kwa kubeba kikapu sokoni anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi umelitambua hilo: nchi zilizoendelea zinatakiwa kutangulia kupunguza na kusaidia nyingine kwa fedha. Fedha zinakuja kwa kusuasua, na serikali zetu zina haki ya kuzidai.

Ila kwa mkazi wa Dar swali lenye faida ni hili: mkono wangu unafika wapi? Unafika jikoni, kwenye mtaro, kwenye paa, kwenye uchaguzi wa kiwanja, na kwenye kikao cha mtaa. Mambo haya mengi yangefaa kufanywa hata kama joto la dunia lingekuwa uzushi, kwa sababu yanakupunguzia gharama, moshi na mafuriko mwaka huu huu.

Basi nianzie wapi?

Jikoni. Kama unapikia mkaa, hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachokaribia hapo.

Dar ndiyo soko kubwa kuliko yote la mkaa nchini. Unatoka Pwani, Morogoro, Lindi na kwingineko, na mwingi unachomwa kwenye matanuri ya udongo yanayopoteza sana: tani moja ya mkaa inaweza kumeza tani 5 hadi 10 za kuni. Tanuri likifuka moshi siku kadhaa linatoa methani pia. Msitu ukiachwa uchipue, sehemu ya hewa ukaa hurudi kwenye miti. Ukigeuzwa shamba la ufuta, hairudi.

Halafu kuna moshi wa ndani, unaoumiza zaidi mama na watoto wadogo. Na kuna ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi inayotoka kwenye mkaa unaowaka taratibu. Mvua ya usiku isikufanye uingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Familia zinalala zisiamke.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Shule, hospitali na taasisi nyingine zinazopikia watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa nyumba ya kawaida kikwazo hakijawa elimu, tuseme ukweli. Kikwazo ni kwamba mkaa unauzwa kwa kopo na mtungi unajazwa kwa mkupuo. Mwenye kipato cha kila siku ananunua kopo leo, kopo kesho, na mwisho wa mwezi amelipa kuliko mwenye mtungi. Kama mna kibati cha wapangaji au kikoba, hili ni jambo la kukipangia: mzunguko mmoja wa kununua mitungi midogo, kisha kila mmoja anaweka akiba ya kujazia badala ya kusubiri iishe ndipo atafute pesa.

Ukibaki na mkaa kwa sasa, tumia jiko banifu, loweka maharage tangu usiku, na funika sufuria. Mkaa mbadala unafaa, lakini uliza umetengenezwa kwa nini. Wa vifuu, pumba au vumbi la mbao ni sawa. Upo pia wa makaa ya mawe: huo unaokoa miti, lakini kwa joto la dunia hauna tofauti ya maana.

Gesi ya mtungi nayo si mafuta ya kutoka ardhini?

Ndiyo. Inatoa hewa ukaa. Lakini jiko la gesi linatumia vizuri sehemu kubwa zaidi ya nishati yake kuliko jiko la mkaa, na halikati mti. Kwa familia inayotoka kwenye mkaa wa msitu usiorudishiwa, gesi ni hatua ya mbele. Anayekukataza gesi huku yeye ana jiko la umeme na solari ya paani, msikilize kwa heshima kisha ujaze mtungi wako.

Kupikia umeme si kutafuta kufilisiwa na LUKU?

Jiko la koili, lile la duara linalowaka jekundu, linakula. Jiko la presha la umeme ni jambo tofauti: limefunikwa, limefungiwa joto ndani, na sufuria ya maharage au makande haimalizi uniti moja. Pika humo vya kuchemka muda mrefu, na chapati ubaki nazo kwenye gesi. Kuna wanaoogopa kwa sababu wako kwenye kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, na wakivuka wanapandishwa. Hofu hiyo ina msingi. Piga hesabu ya uniti zako za miezi mitatu kwanza.

Umeme wetu wenyewe umekuwa safi zaidi tangu Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Sehemu nyingine kubwa inatokana na gesi asilia ya Songosongo na Mtwara.

Nyumba yangu ni tanuri. Ninunue kiyoyozi?

Kabla ya kiyoyozi tazama juu. Bati tupu bila dari ndilo linalokupika. Weka dari, acha matundu ya hewa kwenye kuta za juu ili joto la paani litoke, na paka bati rangi nyeupe au angalau acha kununua la bluu iliyokoza au jeusi kwa sababu ya fasheni. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Ya kufunguka yote yanapitisha upepo mara mbili, na Dar tuna upepo wa bahari wa bure. Mwarobaini au mwembe upande wa magharibi unakinga jua la alasiri, ambalo ndilo kali.

Feni inakula kama wati 50 hadi 75. Kiyoyozi kidogo kinakula mara kumi au zaidi. Ukilazimika kukinunua, chukua cha inveta na ukiweke nyuzi 25 au 26. Halafu soma kibandiko cha gesi yake, maana gesi zilizochukua nafasi ya zile za kuharibu ozoni nazo zinanasa joto. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikivuja inapasha dunia joto sawa na tani mbili hivi za hewa ukaa. R-32 ni kama theluthi ya hapo. Fundi anayekuja kusafisha na kuiachia gesi ya zamani hewani, pssss, kisha kujaza mpya, anachafua kwa dakika moja kuliko gari lako kwa miezi. Tafuta mwenye mashine ya kuinyonya.

Usafiri je?

Daladala lililojaa, hata likiwa bovu, kwa kichwa kimoja linachafua kidogo kuliko wewe peke yako kwenye gari dogo foleni ya Mwenge. Mwendokasi iliyoanza 2016 ni bora zaidi, mabasi yakiwepo. Wa Morogoro na Dodoma sasa wana treni ya umeme tangu 2024. Bajaji ya gesi asilia inapunguza gharama na moshi, ila kwa joto la dunia nafuu yake ni ndogo. Ya umeme ndiyo yenye tofauti.

Nyama, ndege, mifuko ya plastiki?

Ng'ombe hutoa methani, lakini kama nyama kwako ni Jumapili, endelea. Ndege: ukipanda, umepanda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na faida yake kubwa ipo kwenye mitaro na baharini kuliko kwenye joto.

Taka zina uhusiano gani na joto?

Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani Dar ni mabaki: maganda ya ndizi, ugali, majani. Yakirundikana dampo la Pugu Kinyamwezi bila hewa, yanaoza na kutoa methani, ambayo kwa miaka 20 ya kwanza inapasha joto kama mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Tenga ndoo ya mabaki. Wafugaji wa nguruwe na wanaozalisha funza wa chakula cha kuku wanayataka. Au tengeneza mboji. Plastiki usichome, moshi wake ni sumu.

Nikipanda mti nimemaliza?

Mti mmoja hauoshi hewa ukaa ya maisha yako. Unaleta kivuli, na kivuli Dar ni mali. Panda mbali na mtaro na tangi la maji taka, na mwagilia misimu miwili ya kiangazi, kwa sababu miti mingi ya siku za maadhimisho hufa baada ya kamera kuondoka. Mikoko iachiwe wanaojua aina na kina cha maji. Kilicho ndani ya uwezo wako ni kutonunua nguzo za mikoko za ujenzi.

Nitajuaje kiwanja hakijai maji?

Dalali atakuonyesha kiwanja Agosti. Wewe rudi Aprili, siku ya pili ya mvua. Tazama alama za maji kwenye kuta za jirani, matete, na nyumba zilizoinuliwa msingi bila sababu inayoonekana. Muulize muuza genge aliyekaa pale miaka, yeye hana kamisheni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, hata kama mtu ana karatasi ya mauziano yenye mihuri.

Kuna watu wanatafuta saini za "biashara ya kaboni". Nisaini?

Biashara hiyo, ya kulipwa kwa kupunguza hewa ukaa, kwa mfano kwa kutunza msitu, ipo kihalali, na nchi ina Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mradi wa kweli umesajiliwa na una mkataba unaosomeka. Anayetaka kiingilio kwanza, au picha ya kitambulisho chako kwa sababu una miembe mitatu uani, mwoneshe mlango.

Jirani anamwaga taka mtaroni mvua ikinyesha. Nimripoti kwa nani?

Anza na mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha afisa afya wa kata. Peleka picha yenye tarehe, na nenda watu watatu au wanne badala ya mmoja, maana malalamiko ya mtu mmoja yanageuka ugomvi wa majirani. Mkutano mkuu wa mtaa ni wenu: ombeni usafishaji wa mitaro uwe ajenda Februari, kabla ya masika, na muulize mkandarasi wa taka anapita siku gani na kwa nini wiki iliyopita hakupita. Mchanga unaotolewa mtaroni uondolewe siku hiyo hiyo. Ukiachwa pembeni, mvua ya kwanza inaurudisha.